Bi Mdogo wa Kopo la Njano

Siku wageni wa Butiama walipokuwa wanakuja, Pelagia alifagia sebule mara mbili, akabadilisha vitambaa vya makochi, kisha akasimama mbele ya kabati la televisheni mikono kiunoni. Pembeni ya televisheni, mahali ambapo nyumba zenye akili huweka maua ya plastiki, palikaa kopo la njano la siagi lenye kifuniko cha matundu.

"Baba Lilian," alisema, "hicho kitu kinatoka leo."

Baltazar alikuwa anafunga vifungo vya shati lake la kanisani. "Kinatoka kinaenda wapi?"

"Popote. Chooni. Kwa jirani. Mimi siwezi kumkaribisha mkwe huku huyo mdudu anamwangalia."

"Hamwangalii mtu. Macho yake yenyewe hayaonagi vizuri. Halafu si mdudu, ni buibui, na ana jina."

Jina hilo Pelagia alilijua, na alikuwa ameapa kwamba halitatoka mdomoni mwake. Mume wake, mtu mzima, baba wa binti wa kuolewa, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kiwanda kikafunga milango, alikuwa anafuga buibui mwenye manyoya na kumwita Bi Mdogo. Alimkuta chini ya jiwe alipokuwa anakusanya mawe ya msingi wa choo. Alimleta ndani amemfunika kwa kofia, na tangu hapo msingi wa choo ukasimama, buibui akaendelea. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile ya Nyasura alielezwa, atake asitake, kwamba huyo si mtoto bali ni mama mzima, aina yake ndiyo ndogo hivyo, hajazi hata kiganja na hataongezeka tena. Kwamba huko kwao Wazungu wanawafuga kwenye visanduku vya kioo. Kwamba buibui wa aina hiyo hukaa wengi chini ya jiwe moja bila kugombana. Hilo la mwisho alilisema akimtazama mkewe.

Lilian, binti yao, alipita na sinia la vikombe. "Mama, achana naye. Mimi siku si nyingi nitakuwa nimepona. Huyu Leodgar, nusu naolewa kwa sababu nampenda, nusu kwa sababu kwao hakuna buibui kwenye kopo."

"Unamsikia mwanao?" Pelagia akauliza.

"Namsikia. Atamkumbuka," alisema Baltazar, akatoka kwenda kuazima viti kwa jirani.

Hajafika getini, Pelagia alikuwa ameshalinyanyua kopo kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbele, uso kaugeuzia ukutani. Alilipeleka jikoni, akalisukumiza ndani ya kabati la vyakula, akaufunga mlango kwa goti. Alijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe sebule yake kuonekana kama sebule.

Sasa, kabati hilo lilikuwa na mambo yake. Pelagia ni wa Murangi, na kaka zake huko ziwani humletea furu wakavu, wale samaki wadogo wenye miba mingi na utamu zaidi. Yeye huwahifadhi kwenye makopo ya njano ya siagi, na kila kifuniko hukitoboa kwa msumari wa moto ili samaki wapate hewa wasivunde. Baltazar alipotafuta nyumba ya buibui wake hakuhangaika kutoboa; alichukua kopo lililokuwa limeshatobolewa. Walishagombana kuhusu hilo kopo, na Pelagia alishindwa kama anavyoshindwaga siku zote, yaani kwa kuchoka.

*

Wageni walikuwa watatu. Mzee Mugeta Keraryo, baba yake Leodgar, mtu mrefu wa maneno machache aliyekuja na fimbo yake. Rhobi, mke wake, aliyekagua sebule kuanzia dari hadi zulia kabla hajakaa. Na Magesa, mshenga, ambaye ana bucha hapo Bunda na gari aina ya Probox lenye harufu ya kazi yake. Leodgar mwenyewe alibaki Nyegina anakofundisha. Mazungumzo ya namna hiyo bwana harusi hahitajiki.

Yote yalikwenda sawa. Ng'ombe walishakubaliwa zamani. Kilichobaki kilikuwa kupanga lini watoke Butiama na lini ndoa ifungwe. Baltazar, kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, hakutaja buibui. Alitazama pembeni ya televisheni, akaona patupu, akamtazama mkewe, kisha akawageukia wageni. Pelagia alimshukuru Mungu na kupakua chakula.

Rhobi alikula furu kwa utulivu mpaka akafika kwenye vichwa. "Hawa huko kwetu tunawasikiaga tu," alisema. "Anayetuletea ameshawauza wote njiani."

"Mkwe, utaondoka nao," alisema Pelagia, na moyo wake ukapanda. Tangu Rhobi aingie hakuwa amesifu kitu.

Wageni waliposimama kuaga, Magesa alikuwa ameshaliwasha gari na anapiga honi, maana bucha haina mtu. Pelagia alikimbilia jikoni. Mkwe haondoki mikono mitupu. Hilo halina mjadala mkoa mzima wa Mara. Alichota unga wa muhogo kwenye mfuko, akachukua kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Rhobi, akafungua kabati na kuvuta kopo la njano. Lilikuwa zito kidogo. Alifurahi kwamba alikuwa amelijaza vizuri. Alilifunga kwenye kitenge mafundo mawili, akalikabidhi kwa Rhobi kwa mikono yote miwili, huku amepiga goti.

"Mzigo wa mkwe hatufungulii njiani," alisema Rhobi, karibu atabasamu. "Tutaufungua nyumbani, mbele ya watu."

"Ndiyo inavyotakiwa, mama," alisema Pelagia.

*

Jioni Baltazar aliingia jikoni na panzi amemshika kwa miguu.

"Mama Lilian, umemweka wapi Bi Mdogo? Hajala."

"Yuko kabatini. Mtoe, na ukimrudisha sebuleni mtatoka wote wawili."

Baltazar alifungua kabati. Alitoa kopo, akafungua, akalirudisha. Akatoa la pili. Panzi alijinasua, akarukia kwenye masufuria.

"Hawa ni furu," alisema.

"Angalia vizuri."

"Hawa nao ni furu."

Pelagia alikuja mwenyewe. Alifungua makopo yote, akayapanga chini, akayafungua tena. Furu walimtazama kwa macho yao makavu. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Lilikuwa zito," alisema polepole.

Lilian alikuja mlangoni na taulo kichwani. "Kuna nini?" Akaangalia makopo, akaangalia uso wa mama yake. "Mama. Usiniambie."

"Udongo ule niliutia mwenyewe," alisema Baltazar. "Nusu kopo. Ndiyo uzito wenyewe."

"Wewe!" Pelagia aliinuka kama ameungua. "Wewe na udongo wako! Mwanaume anaachwa na kazi anafuga kuku, anafuga hata sungura. Wewe umefuga balaa, sasa limemfikia mwanao! Nilisema litoke! Sikusema?"

"Ulisema. Na umelitoa."

Hapo Pelagia angeweza kumpiga na mwiko.

"Tumpigie Magesa," alisema Baltazar. "Hawajafika bado. Awaambie wasifungue."

"Awaambie nini? Mkwe, tafadhali usifungue zawadi niliyokupa? Unajua maana ya maneno hayo? Bora afungue!"

"Baba apige tu," Lilian alisema, sauti ikimkatika. "Tuwaambie ukweli, jamani."

"Hakuna kupiga simu." Pelagia alianza kuyarudisha makopo kabatini, moja juu ya jingine, bila kuona anachofanya. "Labda ataweka tu. Labda hatafungua leo. Labda huyo mdudu atakuwa amekufa."

Baltazar alimgeukia aliposikia hilo la mwisho, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo uso wake ukaonyesha hasira. Kisha akaenda kumtafuta panzi.

*

Magesa alikuja asubuhi. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, gari likiunguruma nyuma yake, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaanza kuzianika upya.

"Karibu ndani, Magesa. Chai ipo tayari," alisema Pelagia.

"Nimeshakunywa."

"Basi hata maji."

"Sina kiu, mama."

Ni mtu huyohuyo aliyekula sahani mbili jana yake. Pelagia alibaki na kikombe mkononi, hajui akiweke wapi. Hakuna tusi alilowahi kutukanwa lililomwingia kama yale maji aliyoyakataa.

"Sema, mura, kijana wangu," alisema Baltazar.

Magesa alishusha sauti, ingawa si sana. "Mlituma nini kule? Mama Leodgar amefungua mbele ya ukoo mzima. Wajomba wapo, mashangazi wapo. Ametia mkono, mkono kabisa, kuchota furu. Mama alipiga kelele mpaka ng'ombe wakatoka zizini. Kuna nyuzi humo ndani kama pamba, na kitu cha manyoya katikati. Wanasema kimefungwa kwenye kitenge kipya, mafundo mawili, kikiwa hai. Nani anamtumiaga mkwe kitu kama hicho?"

"Ni buibui tu," alisema Baltazar. "Ni wangu. Namfuga."

"Ndiyo hilo wanalosema, kwamba kuna mtu anakifuga." Magesa alipangusa uso. "Mzee ameweka beseni juu yake na jiwe juu ya beseni, hataki kiguswe. Amesema mje leo wenyewe. Kama ni uchawi mmetuma, mtaondoka nao, na ng'ombe hawatoki, na mazungumzo yameishia hapo. Leodgar ameambiwa asipige simu mpaka mambo yaeleweke."

Nyuma ya pazia Lilian alikuwa amesimama na simu mkononi. Alikuwa amempigia Leodgar usiku na asubuhi, na sasa alijua kwa nini hakupokea. Hakulia. Aliingia chumbani, akafunga mlango, na mlango huo ulimuumiza mama yake kuliko kilio. Pelagia alijua jambo hilo likitoka pale kama lilivyo, halitaishia kwa Leodgar. Hakuna mtu kuanzia Bunda hadi Musoma atakayetuma mshenga kwenye nyumba ya binti ambaye mama yake anafunga viumbe kwenye kitenge.

Alivaa gauni la kanisani. Kisha akaenda kabatini, akachukua kopo la njano, akalifungua, akanusa, akatia mkono mpaka chini kabisa, akalifunga, akalifungua tena kuhakikisha.

"Hilo la nini?" aliuliza Baltazar.

"Ni furu. Niliahidi furu."

*

Kwa Mzee Mugeta hawakukaribishwa ndani. Viti viliwekwa uani, viwili upande mmoja na vingine vyote upande wa pili, na katikati, peke yake juani, lilikuwepo beseni la bluu limepinduliwa, na jiwe juu yake. Kuku walikuwa wanalizunguka bila wasiwasi. Watu ndio waliokuwa mbali.

Pelagia aliamkia, akaitikiwa na nusu ya waliokuwepo. Rhobi hakuitikia. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukunja kwenye khanga kama umevunjika.

"Sina maneno mengi," alisema Mzee Mugeta. "Hicho kitu ni nini?"

Baltazar alisimama. Alianza pale anapoanzaga siku zote: jiwe, msingi wa choo, kofia. Akaingia kwenye Wazungu na visanduku vya kioo. Pelagia aliona nyuso zikijifunga moja baada ya nyingine, kama maduka yanavyofungwa mvua ikitishia, na alitamani ardhi ipasuke immeze mume wake peke yake.

"Ni buibui wa kawaida wa huku kwetu," Baltazar alimalizia. "Hata hapa kwenye mawe yenu mnao. Hang'ati mtu mpaka achokozwe, na akiuma hata si kama nyuki. Nikimchukua mkononi anatulia. Ngojeni niwaonyeshe."

"Kaa chini," alisema mzee. "Wewe mwenyewe kukishika si ushahidi. Mwenye kitu chake lazima kimtii."

"Kichomwe na petroli," alisema Rhobi. "Na beseni langu nalo lichomwe. Nani atafulia humo tena?"

Mzee aliinua kidole kidogo tu, na Rhobi akanyamaza bila kupenda.

"Mimi nimekua na ng'ombe," alisema Mzee Mugeta. "Ninachojua ni hiki. Uchawi una mwenyewe mmoja, tena anajificha nao. Mfugo ni wa nyumba nzima. Ng'ombe wangu hakuna asiye na jina, na mke wangu anawajua, na watoto wanawajua, na kila mmoja anaweza kumshika. Huyu bwana anasema anafuga. Haya." Aligeuza uso wake mrefu kwa Pelagia. "Mama, huyo mnayemfuga anaitwa nani?"

Pelagia alizungusha macho. Mbele yake walikuwa wajomba, mashangazi, mshenga, na mwanamke ambaye binti yake angemwita mama. Kwa nini, Baltazar? Kwa nini hukumwita Simba, au Tumaini, au jina lolote la mtu mwenye akili?

"Anaitwa Bi Mdogo," alisema.

Mjomba mmoja alikohoa. Magesa aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Rhobi alisahau kuuficha mkono.

"Bi nani?"

"Bi Mdogo, mama." Akishaanza, Pelagia aliona hakuna haja ya kusimama. "Ndiyo, Bi Mdogo. Nina mwenzangu ndani ya nyumba, ana miguu minane. Anakaaga sebuleni karibu na televisheni. Anapewa panzi kabla mimi sijapewa chai. Usiku Baba Lilian anamsogezea taa asipate baridi, mimi nikisema nina baridi naambiwa nivae sweta. Jana niliona aibu na nyie wageni wangu, nikamficha jikoni na makopo ya furu, ili muone nyumba yetu ni ya watu. Hakuna aliyewatumia kitu. Ni mimi niliyelifunga kopo hilo, kwa haraka zangu na aibu yangu. Baba Lilian hakujua."

Alikuwa hajawahi kusema hivyo, hata nyumbani, hata kwa Lilian. Baltazar alimtazama mkewe kana kwamba amemsikia kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe.

"Basi mshike," alisema mzee.

"Mimi?"

"Ni mfugo wa nyumba yako."

Pelagia alifika kwenye beseni. Aliondoa jiwe. Aliinua beseni kwa upande, na chini yake kopo lilikuwa limelala kiubavu, udongo umemwagika, na kwenye mdomo wa kopo pazia jipya la nyuzi. Buibui alikuwa amefuma nyumba usiku kucha katika msiba ule wote. Alikuwa ndani ya nyuzi, rangi ya kahawa, amejikunja, mdogo kuliko woga wote aliousababisha.

"Usimpulizie," Baltazar alisema kutoka kwenye kiti chake. "Usimfinye. Weka kiganja tu hapo mbele, umguse nyuma kidogo na jani. Atapanda mwenyewe."

Pelagia alichuma jani. Alifumba macho, akayafumbua, maana akiyafumba hatajua aliko. Aliweka kiganja chini. Alimwaza Lilian na mlango uliofungwa. Akagusa.

Kitu chepesi kilipanda mkononi mwake haraka sana, kikapita kiganja, kikafika kwenye kifundo cha mkono, na hapo kikasimama. Kila nywele ya mwili wa Pelagia ilisimama nacho. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukung'uta mkono mpaka utoke begani, na alichofanya ni kuinuka taratibu, mkono mbele, akatembea mpaka alipokaa mzee.

"Huyu hapa, baba," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Ni mama mzima. Aina yake ndiyo ndogo hivi. Haongezeki."

Mzee aliinama, akamtazama kwa muda mrefu. Akamtazama na Pelagia, machozi yanavyomlengalenga. "Uchawi gani huu," alisema hatimaye, "mwenyewe anauogopa kuliko sisi?"

Magesa alishindwa, akacheka kwa sauti. Kicheko kikazunguka viti vyote, na mtoto mmoja akaagizwa alete chai. Pelagia alimrudisha buibui kwenye kopo, akaufuta mkono kwenye gauni mara tatu. Rhobi mwenyewe alimsogezea kiti karibu na chake.

"Mkwe," alimnong'oneza, "na kweli unakaaga naye hivyohivyo?"

"Nakaaga naye, mama. Nifanyeje?"

"Pole sana," alisema Rhobi, kwa moyo wote. Pelagia alimkabidhi furu wake halali. Rhobi akafungua hapohapo, akachungulia kwanza, ndipo akashukuru. Alilipeleka ndani kopo, akalirudisha limejaa karanga, maana chombo cha mkwe hakirudi kitupu.

Siku ya ng'ombe kutoka ilithibitishwa. Walipoinuka kuaga, Baltazar, uso umemjaa furaha, aliliokota kopo la Bi Mdogo na kulipakata kifuani.

"Unampeleka wapi?" aliuliza Mzee Mugeta.

"Nyumbani, baba."

Mzee alitikisa kichwa. "Nilisema nini? Kama ni uchawi, mtaondoka nao. Sasa tumekubaliana ni mfugo. Mfugo ukishaingia kwenye boma la mkwe umeingia. Ukimtoa leo, kesho ukoo wangu utauliza kwa nini mlimtoa."

Baltazar alisimama. Aliangalia kopo, akamwangalia Pelagia, na Pelagia akakuta hawezi kumwangalia. Siku ngapi alikuwa ameomba kitu hicho kitoke nyumbani kwake? Sasa kilikuwa kimetoka, na furaha haikuja.

Baltazar alilipangusa kopo vumbi kwa mkono wa shati. Kisha akalinyoosha kopo kwa mikono miwili.

"Anapenda panzi," alisema. "Wadogo, si hawa wakubwa, wakubwa wanamwogopesha. Maji unamwekea kwenye kizibo cha soda. Usimweke juani. Hataki kusumbuliwa akijifungia kwenye nyuzi, hapo anabadilisha ngozi, usidhani amekufa." Alitafuta kitu kingine cha kusema, akakikosa. "Anasikiaga ukiongea naye."

"Nitamweka ndani," alisema mzee kwa heshima, akilipokea. "Juu ya kabati."

"Kabati gani?" alisema Rhobi. "Baba Leodgar, kabati gani?"

*

Probox la Magesa liliiacha Butiama bila mtu kusema neno. Baltazar alikaa mbele, mikono juu ya mapaja, kiganja kimoja kimegeukia juu. Pelagia alikuwa nyuma na kopo la karanga. Alingoja mume wake aanze kuongea. Mtu huyu alikuwa akiongea njia nzima hata kwenye misiba. Walipita vijiji. Magesa alijaribu habari za bei ya nyama, akajibiwa "mm." Kilikuwa kimya kilekile cha miezi ya kwanza baada ya kiwanda, kabla ya lile jiwe, wakati Baltazar alipokuwa anaamka, anavaa, anakaa sebuleni mpaka jioni. Pelagia alikuwa amekisahau. Sasa alikikumbuka chote, na hasira zikampanda upya, hajui ni za nani.

Kabla ya kufika Nyamuswa barabara inapita karibu na mlima wa mawe.

"Magesa, simama hapa."

"Mama, bucha..."

"Nimesema simama!" Gari liliposimama alimgusa mume wake begani kwa kidole kigumu. "Shuka."

"Kuna nini?"

"Umesema hata huku kwenye mawe wapo. Umewaambia watu wote hivyo kwa mdomo wako. Shuka ugeuze mawe, na ufanye haraka kabla sijapata akili."

Baltazar alimtazama. Akafungua mlango, akashuka, akaanza kupanda, kwanza kama mzee, kisha kwa hatua ndefu, suruali ya kanisani ikinasa kwenye miiba. Magesa aliegemeza kichwa kwenye usukani.

Simu ililia. Alikuwa Lilian.

"Mama! Leodgar amepiga sasa hivi, anacheka tu, haelezi kitu. Imekuwaje?"

"Harusi ipo. Ng'ombe watatoka siku ileile."

Upande wa pili kukawa na kilio, na kicheko ndani ya kilio, na Pelagia alisubiri mpaka kikaisha, huku na yeye akijifuta kwa upindo wa kitenge.

"Na yule mdudu wa baba, mama? Wamemuua?"

"Amekutangulia."

"Amenitangulia wapi?"

"Kwa wakwe zako. Yuko juu ya kabati."

"Kabati gani, mama?" Lilian aliuliza. Kule juu, kati ya mawe, sauti ya Baltazar ikasikika, sauti nzima, ya mtu aliyekuwa na stoo na funguo zake.

"Mama Lilian! Wako wawili! Leta kopo!"

Pelagia alifunga macho, akavuta pumzi, akamwambia bintiye atampigia. Kisha akatandaza kitenge mapajani, akamwaga karanga za Rhobi zote humo, akashuka garini akinung'unika kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, na kuanza kupanda mlima na kopo mkononi. Kifuniko kilikuwa na matundu tayari.